Ua Limechanua, Tunda Halishiki: Mwongozo Kamili wa Uchavushaji

Mmea wa maboga umetambaa mpaka umevuka njia. Majani yake mapana kama masinia, na kila kukicha maua ya manjano yamefunguka kumi, kumi na tano. Wiki mbili zinapita, boga hakuna. Vile vitunda vidogo vilivyoanza kuonekana vinageuka manjano kuanzia nchani, vinalegea, vinadondoka. Mwenye bustani anafanya lile ambalo wengi tumewahi kulifanya: anaongeza mbolea. Majani yananenepa zaidi, na boga halionekani vilevile.

Mimi nilipoteza msimu mzima hivyo kabla sijajifunza kuinama nikaliangalia ua lenyewe. Mmea unaochanua kwa fujo kisha ukapukutisha kila kitu mara nyingi hauna njaa. Umekosa chavua, au chavua imefika saa siyo, au imefika kidogo mno. Mbolea haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia ndani ya ua, halafu ndipo tuje kwenye brashi na vidole.

## Kinachotokea ndani

Uchavushaji ni tendo dogo: chavua, ule unga wa manjano unaobaki kidoleni ukishika ua, inatoka kwenye stameni, kiungo cha kiume cha ua, na kufika kwenye stigma, ncha ya kiungo cha kike, ya ua la aina ileile. Basi. Kinachofuata kinaitwa utungisho, na watu huyachanganya sana mawili haya. Tofauti yake si ya darasani tu. Unaweza kuchavusha vizuri kabisa, stigma ikajaa unga, na utungisho usitokee kwa sababu ya joto kali, au kwa sababu mmea umeikataa chavua hiyo.

Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma iliyo tayari hunywa unyevu, hufura, kisha huotesha mrija mwembamba kuliko unywele. Mrija huo hushuka ndani ya staili, ile shingo inayounganisha stigma na ovari, kifuko cha chini kitakachokuwa tunda, ukibeba gameti mbili za kiume, yaani seli za uzazi. Ukifika kwenye ovari huingia ndani ya ovuli, ile itakayokuwa mbegu, kwa kitundu kidogo. Hapo gameti moja huungana na yai, na kiinitete kinaanza. Ya pili nayo haipotei bure: huungana na viini viwili vilivyoko katikati ya ovuli na kutengeneza akiba ya chakula cha mche mchanga. Wanga wa punje ya hindi ni akiba hiyo. Maji ya dafu ni akiba hiyohiyo, ila bado haijaganda. Mwanabotania wa Urusi, Sergei Nawaschin, ndiye aliyeueleza utungisho huu wa mara mbili mwaka 1898.

Shika jambo moja hapa, maana litakueleza karibu kila kasoro utakayoikuta bustanini: ovuli moja inahitaji chembe yake ya chavua. Ovari ya tikiti maji ina ovuli mamia. Nyuki akipita mara moja na kuacha chembe chache, zitatungwa mbegu chache. Na mbegu changa ndizo zinazotoa homoni za kuliamuru tunda likue. Upande wenye mbegu hunenepa, upande usio na mbegu husinyaa. Zikiwa chache mno, mmea hulitupa tunda lote. Hauna sababu ya kulisha ganda tupu.

## Hatua ya kwanza: pasua ua moja

Usianze na zao lako. Anza na haibiskasi, kwa sababu viungo vyake ni vikubwa na havijafichwa. Tafuta wembe na karatasi nyeupe. Lenzi ya kukuzia ikiwepo, vizuri zaidi.

Ng'oa petali zote tano. Utabaki na mnara mmoja mwembamba uliosimama katikati. Sehemu yake ya juu imezungukwa na vijiti vifupi vyenye vichwa vya manjano: hizo ni stameni, na kila kichwa ni kifuko cha chavua. Gonga mnara huo juu ya karatasi uone unga ukidondoka. Nchani kabisa mnara unagawanyika matawi matano, na kila tawi lina kitufe chenye manyoya mafupi kama mahameli. Hivyo vitufe ndiyo stigma. Angalia zilivyokaa juu ya stameni: mgeni anayeingia na chavua ya kwingine anagusa stigma kwanza kabla hajajipaka chavua ya ua hili. Mpangilio huo haukuja kwa bahati.

Sasa shuka kwenye kitako cha ua, bandua sepali za kijani, utakuta kitu kama kitunguu kidogo. Kikate kwa upana. Ndani kuna vyumba vitano, na kila chumba kina ovuli nyeupe zimejipanga. Hilo ndilo tunda kabla halijawa tunda.

Ukishaizoea haibiskasi, fanya vivyo hivyo kwa ua la zao lako, ukijiuliza maswali matatu: stameni zipo? Stigma ipo? Zimekaribiana au zimeachana? Dakika tano za wembe zinaweza kukuokoa wiki tatu za kukisia.

## Hatua ya pili: jua nani dume, nani jike

Nyanya, maharage na pilipili zina maua yenye viungo vyote viwili, na huweza kujichavusha zenyewe. Maharage hata hayasubiri wageni. Mengi humaliza kazi ua likiwa linaelekea kufunguka. Kama unalima maharage tu, sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu.

Maboga, matango na matikiti ni habari nyingine. Mmea mmoja hubeba maua madume na maua majike mbalimbali. Ua dume hukaa juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua jike lina kitunda kidogo chini ya petali, tayari kina umbo la boga au tango kwa udogo wake. Madume hutangulia kwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki. Mtu akiona maua yote ya mwanzo yanadondoka hushtuka bure: madume yanafanya hivyo, kazi yao imeisha.

Kwenye mahindi, mbelewele ya juu ni dume na hindi lenye ndevu ni jike. Kila unywele wa ndevu ni njia ya kwenda kwenye punje moja. Unywele usipopata chavua, punje yake haipo. Siku ukimenya hindi lenye mapengo, kila pengo ni unywele uliokosa chavua, au uliopata lakini punje ikafa changa kwa kiu.

Mitende imegawana jinsia kwa miti: mti dume, mti jike. Mipapai imekwenda mbali zaidi, kuna dume, kuna jike, na kuna yenye maua ya jinsia mbili. Papai dume utalijua kwa maua mengi madogo yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu vyenye matawi. Maua ya jike hukaa karibu na shina, manene, peke yake au machache pamoja.

Parachichi ndilo lililonifundisha adabu. Ua lake lina stameni na stigma, ukilipasua utasema linajitosheleza. Lakini hufunguka mara mbili, siku mbili mfululizo, na kila mara kwa jinsia tofauti. Aina za parachichi ziko katika makundi mawili. Katika kundi A, ambalo Hass ni mojawapo, ua hufunguka asubuhi likiwa jike, hufunga mchana, kisha hufunguka tena kesho yake alasiri likiwa dume. Katika kundi B, kama Fuerte, ua hufunguka alasiri likiwa jike, na kesho yake asubuhi likiwa dume. Yaani asubuhi A wanapokea na B wanatoa, alasiri wanabadilishana. Ndiyo maana wakulima huchanganya makundi yote mawili shambani. Baridi huvuruga ratiba hii na kuzifanya jinsia zikutane, kwa hiyo mti uliopandwa peke yake unaweza kuzaa, lakini usiutegemee.

Kisha kuna mimea inayoikataa chavua yake wenyewe. Ua lina kila kitu, nyuki anapita, chavua inatua, lakini stigma au staili inaitambua kuwa ni ya nyumbani na kuuzuia mrija. Tufaha nyingi ziko hivi, vivyo hivyo kahawa ya robusta, kakao nyingi, na pasheni ya manjano. Kwa mimea ya namna hii idadi ya miti si hoja, hoja ni uzao. Miche 20 iliyotokana na vipandikizi vya mti mmoja ni mti mmoja uliorudiwa mara 20. Inahitaji aina nyingine karibu, inayochanua wakati uleule.

## Hatua ya tatu: mjue mbebaji

Ua linasema wazi linamngoja nani, ukijua kulisoma.

Ua lisilo na petali za maana wala harufu, lenye chavua nyingi, kavu na nyepesi, linategemea upepo. Mahindi na nyasi nyingi ziko hapa. Kwa mahindi maana yake ni kwamba umbo la shamba lina uzito. Mstari mmoja mrefu kando ya uzio utakupa magunzi yenye mapengo, kwa sababu upepo ukivuma kutoka ubavuni chavua yote inaishia nje. Mahindi yaleyale yakipandwa katika mistari minne au zaidi iliyo mifupi, yakawa kama mraba, yatachavushana.

Ua la manjano, la buluu au la zambarau, lenye mbochi, yaani nekta, na harufu nyepesi, mara nyingi ni la nyuki. Nyuki haioni rangi nyekundu kama tunavyoiona sisi, lakini anaona miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaipati, na maua mengi yana alama za miale hiyo zinazomwelekeza kwenye mbochi kama mistari ya barabarani. Ua jekundu lenye umbo la mrija, lisilo na harufu, kwa kawaida ni la ndege. Ua jeupe linalofunguka jioni na kunukia usiku ni la nondo au popo. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, likining'inia kwenye kikonyo kirefu mbali na majani, na popo hulifikia bila kujikwaruza kwenye matawi.

Kuna wabebaji ambao usingewadhania. Ua la kakao, lenye upana wa kama sentimita moja, huchavushwa zaidi na vijidudu vidogo kuliko mbu, ambavyo huzaliana kwenye takataka zenye unyevu zinazooza chini ya miti. Anayefagia shamba la kakao likang'aa anawafukuza wafanyakazi wake. Michikichi nayo ina kisa chake. Malaysia ilipanda michikichi kwa miongo mingi huku watu wakipita mti kwa mti kuichavusha kwa mkono, kwa kuwa iliaminika ni mmea wa upepo. Mwaka 1981 wakaleta kidudu kidogo cha jamii ya fukusi kutoka Cameroon, unakotokea mchikichi wenyewe, na kazi ya mkono ikawa haina haja tena.

Nyanya, biringanya na jamaa zao wana ujanja wa peke yao. Chavua yao imefungwa ndani ya vifuko vyenye matundu madogo nchani, kama kichupa cha chumvi. Haitoki kwa kuguswa tu, inataka kutikiswa. Baadhi ya nyuki wakubwa, wakiwemo wale weusi wanaotoboa mbao, huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, mpaka chavua inamwagika tumboni kwao. Ukisikia mlio wa vumm mfupi mkali kwenye ua la biringanya, ndiyo kazi hiyo. Nyuki wa asali hajui kufanya hivyo, kwa hiyo mzinga kando ya nyanya hautakusaidia sana.

Kazi yako katika hatua hii ni nyepesi: kaa kando ya mimea dakika 15 bila kufanya lolote, uhesabu wanaoingia ndani ya maua. Wanaopita juu usiwahesabu. Rudia siku mbili au tatu zenye jua, saa ileile. Ukiona hakuna anayeingia, umeshapata jibu lako.

## Hatua ya nne: ipate saa yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakijua mengine yote. Ua la boga hufunguka alfajiri na kujikunja kabla ya adhuhuri, lisifunguke tena. Mtu anayekwenda bustanini saa 10 jioni na brashi yake anachavusha maiti. Kazi ya maboga ifanyike kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na siku za joto uwahi zaidi.

Pasheni ya manjano huenda kinyume: hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku. Ile ya zambarau hufunguka alfajiri. Ua la vanila hudumu asubuhi moja tu. Mbelewele ya mahindi humwaga chavua zaidi asubuhi umande ukishakauka, na huendelea kwa takriban wiki moja. Ndevu nazo hubaki tayari kwa siku kadhaa. Nyanya haina haraka, ua lake hudumu siku mbili tatu, ila mchana mkavu wa wastani unafaa kuliko asubuhi yenye unyevu, maana chavua iliyolowa hushikamana.

Mvua nayo ina hesabu yake. Chembe nyingi za chavua zikilowa hupasuka, na nyuki hawatoki. Mvua ikinyesha asubuhi tatu mfululizo wakati majike yamefunguka, matunda ya siku hizo sahau, au uyafunike maua jioni ya kuamkia na uyachavushe mwenyewe.

## Hatua ya tano: kuchavusha kwa mkono

Nitaeleza boga kwa kirefu, kwa sababu ukilijua hilo umejua tango, tikiti na mmumunye.

Jioni, kagua mimea yako. Tumba litakalofunguka kesho limeshaanza kugeuka manjano na limechongoka, halijafumbuka. Weka alama kwenye jike moja na madume mawili au matatu, ikiwezekana kutoka mmea mwingine. Kijiti kilichochomekwa kando kinatosha. Alfajiri kila kitu chini ya majani kinafanana.

Asubuhi chuma ua dume pamoja na kikonyo chake. Menya petali zote, ubaki na kijiti cha katikati. Kiguse kwa kidole: kikiacha unga wa manjano, kimeiva. Kidole kikitoka safi, ama umewahi mno ama nyuki wamekutangulia. Sasa lifungue ua jike taratibu. Ndani kuna stigma nene yenye mapande, mara nyingi matatu yaliyogawanyika, inayong'aa na kunata kidogo. Paka chavua kwenye kila pande, ukizungusha, kama mtu anayepaka mafuta kwenye kidonda: kwa wepesi, bila kuruka sehemu. Pande ukilolisahau litakuwa upande wa boga uliosinyaa. Kisha chukua dume la pili urudie. Tikiti maji huhitaji chembe kama 1,000 hivi kwenye stigma ili tunda likae sawa, kwa hiyo hapa ubahili hauna faida.

Brashi laini ya rangi inafaa pia, ila chavua ya boga ni nzito na inanata, na nyingi huishia kwenye manyoya ya brashi. Mimi huliamini zaidi ua dume lenyewe.

Nyanya haina mambo mengi. Gonga kikonyo cha kichala cha maua kwa kidole mara kadhaa, siku moja baada ya nyingine, wakati wa mchana mkavu. Mswaki wa umeme ukiugusisha nyuma ya kikonyo kwa sekunde mbili hufanya kazi ya nyuki kwa ukaribu wa kushangaza. Nje penye upepo nyanya haihitaji msaada huu. Ndani ya kitalu cha nailoni au wavu wa wadudu, inahitaji.

Kwa pasheni ya manjano, chukua chavua ya mmea mmoja, kwa kidole au pamba, uipake kwenye stigma tatu za ua la mmea mwingine. Stigma hizo mwanzoni zimesimama wima, halafu huinama polepole kuzikaribia stameni. Ukikuta bado zimesimama, rudi baadaye kidogo.

Mahindi machache ya bustani: kunja karatasi iwe kama bahasha, tikisa mbelewele ndani yake asubuhi, kisha nyunyiza unga uliopatikana juu ya ndevu mbichi za mimea mingine. Fanya siku tatu au nne. Ndevu za chini ya hindi hutoka kwanza na za nchani hutoka mwisho, kwa hiyo nyunyizo moja halifiki kote.

Vanila inastahili maneno zaidi kidogo. Asili yake ni Meksiko, na ilipopelekwa kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi ilichanua bila kuzaa, kwa kukosa wadudu wa kwao. Mwaka 1836 Charles Morren alifanikiwa kuichavusha huko Ubelgiji, lakini aliyeifanya iwe kazi ya shambani ni Edmond Albius, mtoto aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo. Lishike ua kwa mkono mmoja, ulichane upande wa mdomo wake kwa kijiti kilichochongwa uione nguzo ya katikati. Kati ya chavua na stigma kuna kijikope chembamba kinachozitenganisha. Kiinue kwa kijiti, kisha kwa kidole gumba sukuma kifuko cha chavua kigusane na stigma. Ukishazoea, ni sekunde chache tu kwa ua. Usichavushe kila ua kwenye shada, mmea utachoka. Ganda hukaa kama miezi tisa kabla ya kukomaa.

## Kama unataka mbegu za kuhifadhi

Hapa masharti yanakaza. Tumba jike na matumba madume yafungwe ncha zake jioni kwa uzi au karatasi ya gundi, ili mdudu asiingie alfajiri. Asubuhi fungua, chavusha, kisha lifunge tena ua jike lilelile na ufunge uzi wa rangi kwenye kikonyo, usije ukalichuma kwa bahati mbaya miezi mitatu baadaye.

Kuna hofu moja inayozunguka miaka yote, kwamba ukipanda maboga karibu na matango, matango yatageuka ladha. Hapana. Boga na tango hazizaliani. Hata aina mbili za maboga zinazozaliana haziliharibu boga la msimu huu, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama peke yake. Mchanganyiko umejificha ndani ya mbegu na utaonekana ukizipanda. Hindi ndilo linalovunja kanuni hii mbele ya macho yako, kwa kuwa tunachokula ni mbegu yenyewe. Chavua ya mahindi ya njano ikitua kwenye mahindi meupe, utaona punje za njano kwenye gunzi hilohilo.

## Wadudu na sumu

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulichunguza mazao 115 makuu ya chakula duniani na kukuta 87 kati yake yananufaika na wanyama wachavushaji kwa kiwango fulani. Kwa hiyo mkono ni wa dharura au wa kitalu; shamba la nje liwe na wenyewe. Acha ukanda wa maua ya mwituni yanayochanua kwa zamu. Bakiza udongo mtupu usiolimwa, maana nyuki wengi hawaishi mizingani bali kwenye mashimo ardhini, na wengine kwenye mbao kuukuu. Ukileta mizinga, ilete maua ya zao lako yakiwa yameanza kufunguka. Ukiwahi sana nyuki watazoea maua mengine ya jirani, na nyuki akishazoea hahami kirahisi.

Sumu ya wadudu usinyunyize kwenye maua yaliyofunguka. Ikibidi, ngoja jioni maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi. Hata hivyo kuna sumu zinazofyonzwa na mmea mzima hadi kwenye chavua na mbochi, na kwa hizo saa ya kunyunyiza haisaidii. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati ya hizo mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Soma lebo kabla ya kufungua chupa.

## Kusoma matokeo

Baada ya kuchavusha boga, usiliguse. Siku ya pili petali zimenyauka, hiyo ni kawaida. Siku ya tatu hadi ya tano ndiyo ya kukata shauri: kitunda kilichoshika hung'aa, huongezeka unene waziwazi, na kikonyo chake huanza kukaza. Kilichokosa hufifia na kugeuka manjano kuanzia nchani.

Tango lililonenepa upande mmoja na kupinda, au tufaha lenye bega lililoanguka, ni ovuli za upande mmoja zilizokosa chavua. Likate ukaone: upande uliosinyaa mbegu zake ni bapa na tupu. Hindi lenye mapengo yaliyotawanyika ni chavua haba. Lililo tupu nchani tu mara nyingi ni ndevu za mwisho zilizochelewa, au ukame. Maua ya nyanya yakidondoka pamoja na kipande cha kikonyo hadi kwenye kifundo, pima joto kabla ya kumlaumu nyuki. Mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, au usiku ukishuka chini ya 13, chavua yake huharibika. Kivuli chepesi na maji ya kutosha vitasaidia kuliko mswaki wowote.

Kama kitunda kimeshika kisha kikadondoka kikiwa na ukubwa wa ngumi, hilo si la uchavushaji tena. Mmea umebeba kuliko uwezo wake, au umekosa maji. Na kama zao lako ni ndizi, au yale matango ya kitalu yaliyozalishwa yazae bila mbegu, hayahitaji chavua kabisa. Matango hayo nyuki akiyaingilia huota mbegu na kuvimba vibaya upande wa chini, kwa hiyo huko wavu wa mlangoni ufunge vizuri.